Kuumia goti: kwa nini mmoja anarudi baada ya wiki tatu na mwingine baada ya mwaka

Redio ikitangaza kwamba mchezaji fulani ameumia goti, vijiwe vya Mwanjelwa hapa Mbeya vinapata kazi ya siku nzima. Mmoja anasema goti likishaumia, mpira basi. Mwingine anamkumbusha Rodri wa Manchester City, aliyeumia Septemba 2024 na kuonekana tena uwanjani Mei 2025. Wa tatu anamtaja Neymar, aliyetolewa kwa machela kule Montevideo Oktoba 2023 na kukaa nje mwaka mzima. Hapo anaingia kijana wa timu ya mtaani: yeye naye aliumia goti, akachuliwa na bibi mmoja huko Igurusi, na baada ya wiki tatu alikuwa anacheza. Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia jeraha lake, na majeraha hayo hayafanani hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtu atarudi lini, ulizia kwanza ni kitu gani ndani ya goti kilichoumia. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atahitaji mapumziko, mazoezi au kisu, na kama atakaa nje wiki chache au miezi mingi.

Goti ni mahali mifupa mitatu inapokutana: mfupa wa paja kwa juu, mfupa wa ugoko kwa chini, na pia ya goti kwa mbele. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, ile tabaka nyeupe inayoteleza ambayo kila aliyevunja paja la kuku mezani ameshaiona. Katikati ya paja na ugoko kuna vipande viwili vya gegedu ngumu zaidi vilivyopinda, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Vinaitwa meniski, na kazi yake ni kupokea uzito na kuusambaza. Kisha kuna ligamenti, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina nne kubwa: moja kila ubavu, na mbili zinazopishana katikati kabisa ya kiungo, ya mbele na ya nyuma. Hiyo ya mbele ndiyo watangazaji wa mpira huiita ACL. Mwisho kuna kano, ambazo zenyewe hufunga msuli kwenye mfupa. Kubwa kuliko zote inatoka kwenye misuli ya mbele ya paja, inaishika pia ya goti, inashuka na kujichomeka kwenye ugoko. Ukipiga shuti, hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Ligamenti ya mbele inaogopwa kuliko zote, na kwa haki. Inazuia ugoko usichomoke kwenda mbele na usijizungushe chini ya paja. Mtu anaweza kumaliza miaka bila kujua anayo, hadi siku anapokimbia kwa kasi, anakanyaga ili ageuke ghafla, njumu inang'ang'ania ardhini, mwili unageuka na mguu unabaki ulipo. Viwanja vyetu vingi vya mchangani hapa Mbeya vina alama za kwato za ng'ombe waliopita wakati wa masika. Kiangazi kikishika, alama zile hukauka zikawa vishimo vigumu, na mguu ukiingia humo hautoki kwa wakati. Sehemu kubwa ya majeraha ya ligamenti hii hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Ndiyo maana mashabiki humzomea kwamba anajiangusha, wakati mwenzao ameshika goti na uso umebadilika.

Dalili zake zinajulikana. Wengi husikia au kuhisi mlio wa kitu kukatika. Goti linavimba ndani ya saa moja au mbili, mpaka pia ya goti haionekani vizuri, kwa sababu ligamenti ina mishipa ya damu na damu inajaa ndani ya kiungo. Uvimbe wa haraka namna hiyo ni ishara nzito. Uvimbe unaokuja taratibu na kuonekana kesho yake mara nyingi ni wa kitu kingine.

Halafu inakuja sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapopotezea magoti yao. Baada ya wiki mbili au tatu uvimbe unashuka, maumivu yanapungua, kijana anatembea, anapanda daladala, anakwenda shambani. Nyumbani wanasema amepona. Lakini kutembea kwenye njia iliyonyooka hakuihitaji sana ligamenti ya mbele. Inahitajika siku anayogeuka kwa kasi. Anarudi uwanjani, anapiga chenga ya kwanza, na goti linamponyoka chini ya uzito wake. Kila linapoponyoka, mfupa wa paja unasaga meniski na gegedu zilizokuwa salama. Aliyeanza na ligamenti moja iliyokatika anajikuta, baada ya msimu mmoja wa kulazimisha, ana ligamenti, meniski na gegedu vyote vimeharibika. Kukosa maumivu hakumaanishi goti limetulia, na nawaomba makocha wa timu za mtaani walielewe hilo kabla ya kumpanga mtu kwa sababu tu amesema haumwi.

Tuje kwenye kuchua. Tunalijua linavyofanyika: mchezaji analazwa kando ya uwanja, wawili wanamshika mabega, mmoja anavuta mguu, mwingine anakuja na mafuta ya nyonyo au maji ya moto yenye chumvi na kulisugua goti mpaka jasho linamtoka. Sisemi wakandaji wana nia mbaya. Wengi wana mikono mizuri, na kwa msuli uliokaza wanasaidia kweli. Ila goti lililovimba siku hiyo hiyo lina damu inayovuja ndani, na joto pamoja na kusugua huongeza kuvuja huko. Kama kuna mfupa uliopasuka, kule kuvuta kunaweza kuusogeza.

Siku mbili tatu za mwanzo goti linataka mambo machache tu. Mchezaji atoke uwanjani na asirudi siku hiyo hata akisisitiza. Awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu. Zile barafu za pakiti wanazouziwa watoto nje ya shule zinatosha kabisa. Bandeji ya kubana ni sawa mradi vidole havifi ganzi wala kubadilika rangi. Alale ameweka mguu juu ya mito, na kama hawezi kuukanyagia, atafutiwe magongo. Kuchua, maji ya moto na pombe vingoje.

Sasa, yule kijana wa Igurusi alipona vipi? Kwa maelezo yake mwenyewe alipigwa ubavuni, goti likaingia ndani, likavimba kidogo na kuuma upande wa ndani. Hiyo ni picha ya ligamenti ya ubavu wa ndani iliyovutika. Ligamenti hii inapata damu nzuri na hupona yenyewe: ikiwa imevutika tu, wiki moja hadi tatu; ikiwa imekatika kabisa, miezi miwili hadi mitatu, na hata hapo mara nyingi haihitaji upasuaji. Bibi alimchua, naye akapona, na sifa zikaenda kwa bibi. Angekuwa amekatika ligamenti ya mbele, mikono ile ile isingemrudisha uwanjani.

Kuna kauli nyingine ninayoisikia kila mara: "Nimepiga eksirei, wamesema hakuna kitu." Eksirei inaonyesha mifupa. Ligamenti, meniski na kano hazionekani humo, kwa hiyo eksirei safi inamaanisha tu kwamba mfupa haukuvunjika. Na si kila goti linahitaji picha hiyo. Madaktari wa Ottawa nchini Kanada waliweka kanuni miaka ya 1990 ambayo bado inatumika duniani: apigwe eksirei mtu mwenye miaka 55 au zaidi, au aliyeshindwa kutembea hatua nne baada ya kuumia na hata alipofika hospitali, au asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90, au anayeumia akibonyezwa juu ya pia ya goti pekee au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje, chini kidogo ya goti.

Kipimo kinachoona ligamenti na meniski ni MRI, ambacho ni ghali na hakipo kila hospitali. Lakini mikono ya daktari aliyezoea inaona mengi. Anakulaza chali, anakunja goti lako kidogo, mkono mmoja unashika paja na mwingine unavuta ugoko kuja mbele. Ligamenti ikiwa nzima, ugoko unasogea kidogo na kugota. Ikiwa imekatika, unateleza bila kugota. Kisha anarudia kwenye mguu mzima ili alinganishe. Goti likiwa limejaa damu na misuli imekaza kwa maumivu, kipimo hiki hakisomeki vizuri, kwa hiyo ukiambiwa urudi baada ya siku kumi usidhani umepuuzwa. Rudi. Kwa watu wa nyanda za juu, ngazi ya juu ya rufaa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wa Makete na Njombe wengi hukimbilia hospitali ya Ikonda. Na kesi zinazohitaji ubingwa zaidi hupelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Meniski huchanika kwa njia mbili tofauti kabisa. Kijana huichana kwa kujipinda akiwa amekanyagia mguu, na dalili inayomtofautisha ni goti kukwama: anataka kulinyoosha, linagoma, kwa sababu kipande kilichochanika kimejikunja katikati ya mifupa. Goti lililokwama linahitaji kuonwa na bingwa mapema. Ukingo wa nje wa meniski unapata damu na unaweza kushonwa ukashika. Sehemu ya ndani haina damu, na mara nyingi daktari hukata kipande kilicholegea. Ajabu ni kwamba aliyekatwa kipande hurudi uwanjani mapema, wiki kama nne hadi sita, na aliyeshonwa hungoja miezi minne au zaidi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kumbuka kwamba aliyeshonwa amebaki na meniski yake, na goti lisilo na meniski huzeeka haraka.

Kwa maveterani wanaocheza mabonanza ya Jumapili hali ni nyingine. Meniski yao huchanika polepole kwa umri, wakati mwingine bila siku maalumu ya kuumia. Watafiti wa Finland, katika utafiti uliochapishwa 2013, waliwagawa wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65: wengine walikatwa meniski iliyochanika, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza, bila meniski kuguswa. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ile ile. Mzee mwenzangu ukiambiwa uanze na mazoezi ya kuimarisha paja, hujanyimwa matibabu. Umepewa yenyewe.

Je, ligamenti ya mbele iliyokatika ni lazima ipasuliwe? Hapana, na hili linawashangaza wengi. Nchini Sweden walichukua watu 121, vijana na wenye kupenda michezo, ambao si wachezaji wa kulipwa. Nusu walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba. Nusu walianza na mazoezi tiba, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye goti likiendelea kuponyoka. Matokeo yalichapishwa 2010: baada ya miaka miwili makundi hayakutofautiana, na kati ya 59 walioanza na mazoezi, 23 tu ndio walikuwa wamepasuliwa ligamenti. Mkulima, mwalimu, au dereva wa bodaboda aliye tayari kuacha michezo ya kugeuka ghafla anaweza kuishi vizuri na paja lenye nguvu. Anayetaka kurudi kucheza winga, ambaye goti linamponyoka hata kwenye ngazi, au ambaye ana meniski ya kushonwa, huyo upasuaji unamfaa zaidi.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa matundu madogo. Ligamenti ya zamani kwa kawaida haiungwi. Daktari huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, na kuipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa miwili, kisha kuifunga kwa skrubu au vishikizo. Hapo mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe ataelewa haraka kuliko wote. Unapobebesha mche, unachomeka kikonyo kwenye shina na kuviringisha nailoni. Kwa macho mche umeshakamilika, majani yake ni mabichi. Ukiuvuta wiki hiyo, kikonyo kinachomoka, kwa sababu kinachokishika ni nailoni. Miti yenyewe bado haijaungana. Goti lililopandikizwa kano liko hivyo hivyo. Skrubu zinashika, uvimbe umekwisha, mgonjwa anajisikia mzima mwezi wa tatu, na ndani kano bado inatafuta damu. Tena katika miezi ya mwanzo hupungua nguvu kabla ya kuanza kuimarika.

Hiyo ndiyo sababu ya miezi tisa. Watafiti wa Norway na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba, hadi kufikia mwezi wa tisa, kila mwezi mmoja wa kusubiri ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Na kalenda pekee haitoshi. Mguu uliopasuliwa hupimwa kwa kuruka na kutua kwa mguu mmoja, ukilinganishwa na ule mzima. Wengi hutaka ufikie angalau asilimia 90. Paja likiwa bado jembamba kuliko mwenzake, mwezi wa tisa hauna maana.

Mazoezi tiba ndiyo yanayobeba kazi yote, upasuliwe usipasuliwe, nayo ndiyo yanayoachwa kwanza, kwa sababu nauli ya kutoka Makete au Ileje kila wiki si mchezo. Siku ya kwanza mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuandikie mazoezi ya wiki nne kwenye daftari na akuone ukiyafanya. Kwa kawaida yanaanza kwa kulinyoosha goti mpaka mwisho, kwa sababu goti likishazoea kukaa limekunja kidogo utachechemea muda mrefu. Kisha kukaza msuli wa mbele wa paja ukiwa umelala, kuinua mguu ulionyooka, kukaa na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu, kupanda na kushuka ngazi moja, baiskeli. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine, lakini kila siku ina hesabu yake.

Kuhusu sindano za goti nitasema kwa ufupi. Sindano ya steroidi hupunguza maumivu kwa muda, na kwa wagonjwa fulani ina nafasi yake. Haiungi ligamenti, na ikipigwa kwenye kano inaweza kuidhoofisha. Kumchoma kijana ili acheze fainali ya kugombea mbuzi ni kumzimia taa ya onyo. Maji kwenye goti nayo ni dalili. Kuyavuta hupunguza mkazo, ila yatarudi kama kilichoyaleta hakijashughulikiwa.

Yapo pia maumivu yasiyo na siku ya kuumia. Kijana wa miaka 10 hadi 15 anayeota kinundu chenye kuuma chini ya goti, pale kano inapojichomeka kwenye ugoko, mara nyingi anavutwa na misuli wakati mfupa bado unakua. Apunguziwe mbio na kuruka, na kwa wengi huisha akimaliza kukua. Wanaokimbia milima, ukiwauliza wanaoshuka Loleza asubuhi, huumwa mbele ya goti kuzunguka pia yake, hasa kwenye mteremko. Wapunguze umbali na mteremko kwa muda, waimarishe paja na nyonga.

Lakini yapo magoti yasiyongoja. Goti la moto, jekundu, lenye homa, linaweza kuwa na usaha ndani na linaharibika kwa siku chache. Goti lililotoka kabisa mahali pake, hata kama lilirudi lenyewe, na mguu chini yake ukawa wa baridi au ganzi, linaweza kuwa limekata mshipa mkubwa wa damu. Hiyo ni dharura ya saa. Na asiyeweza kuuinua mguu ulionyooka akiwa amelala huenda kano kubwa imekatika. Hao wapelekwe hospitali leo.

Watoto wa kike nawataja peke yao, kwa sababu netiboli na mpira wa miguu wa wanawake vinakua, na wao hukatika ligamenti ya mbele angalau mara mbili zaidi ya wavulana kwenye michezo inayofanana. Netiboli inamtaka mchezaji asimame ghafla akishadaka mpira, na kutua vibaya ndiko kunakokata. Ipo programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ya dakika kama 20, isiyohitaji kifaa zaidi ya mpira. Ilipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliochapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja. Mwalimu wa michezo anayeandaa timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, anaweza kuiingiza mazoezini angalau mara mbili kwa wiki: kukimbia taratibu, kisha nguvu na mizani, kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Akaze uangalizi kwenye kutua. Magoti yakunjwe, yaelekee vidole vya miguu, yasigongane. Na msichana akitua kwa mguu mmoja, nyonga isidondoke upande wa pili. Anayeshindwa, apunguziwe urefu wa kuruka mpaka aweze.